Mguu wa Kushoto wa Bi Subirini

Usiku ule nilioota, waliokuwepo ni hawa, na nawataja kwanza msije mkachanganya wafu na wazima. Alikuwepo Athumani, mtani wangu, mtu wa Urambo, yule mliyemjua kwenye filamu kwa jina la Bi Subirini. Huyu ni marehemu. Alikuwepo Sefu, aliyekuwa akimpiga picha, naye alitangulia kabla ya Athumani. Alikuwepo mume wangu Pazi, baba wa wanangu, ambaye kaburi lake limeshaota majani tukayafyeka yakaota tena. Wazima tulikuwa wawili tu: Tatu, mke wa Athumani, ambaye yuko edani hivi sasa, na mimi, Mwanaidi binti Salehe, Mzaramo wa hapa Soga stesheni.

Hao ndio wote. Kama kuna mwingine alipita upande wa kulia sikumwona, maana jicho langu la kulia lilikuwa limetoka kutolewa mtoto wa jicho, na hata ndotoni nilikuwa na bandeji yangu.

Ndoto ilianzia uani kwangu. Mchana mweupe, saa zile za kuanika mpunga. Sefu amesimama na kamera begani, jicho moja amelifumba. Pazi ameshika ule ubao mweupe wa kurudishia mwanga, amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kama zamani. Sikushangaa kumwona. Nilimwambia, "Pazi, ondoa miguu hapo nitakukanyaga," akaiondoa. Ndipo nikakumbuka kuwa amekufa, lakini nilikuwa nimeshapita.

Niwaeleze kwanza. Filamu zao za mwanzo walizipigia hapo hapo uani kwangu, kwa sababu ukuta ulikuwa na chokaa na jiko lilikuwa la kuni, na Sefu alisema moshi unapendeza kwenye picha. Maandishi hawakuwa nayo. Sefu anamwambia Athumani, "Wewe unaingia, unamkuta jirani anapika, gombana," basi Athumani anaingia anagombana. Jogoo akiwika wanasimama. Adhana ikitolewa wanasimama. Betri ikiisha wanakula, chakula changu mimi, halafu wanangoja betri ipelekwe stesheni ikachajiwe.

Pazi wangu hakujua kuigiza. Akipewa la kusema anaitazama kamera kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kwa hiyo walimfanya maiti. Alicheza maiti kwenye filamu mbili, na zote mbili alipiga chafya. Sasa pale ndotoni aliinua uso akaniambia taratibu, kama mtu anayetoa habari njema, "Mama Zena, leo sipigi chafya. Sasa kazi nimeijua."

Nikacheka. Na nilipocheka nikasikia sauti yangu iko peke yake. Uani kulikuwa kimya, kimya cha ndani ya mtungi.

Akaingia Athumani.

Amevaa khanga yangu, ile nyekundu ya korosho. Amejifunga kitambaa kichwani kwa namna yangu, fundo kwa mbele. Anatembea kama mimi.

Hili nalo niwaambie lilikotoka. Athumani alikuja Soga kijana, na genge la reli, kazi yao kushindilia kokoto chini ya mataruma. Siku ya kwanza alikuja kwangu kuomba maji. Nikamwuliza kabila, akasema Mnyamwezi, nikamvua kofia nikaivaa mimi. Ndivyo tulivyo, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya mababu. Cha mtani hakiombwi, na tusi la mtani si tusi. Akanywa maji akaondoka kichwa wazi. Kesho yake akarudi, akaiondoa khanga yangu kwenye kamba, akajifunga, akapita nayo stesheni nzima akiburuta mguu. Mimi mguu mmoja naburuta tangu nilipokuwa mtoto. Na anasema kwa sauti yangu, "Subirini! Subirini kwanza, sijamaliza!" Treni ya abiria ilikuwa imesimama. Watu walijaa madirishani wakicheka mpaka treni ikaondoka nao, kicheko kikaenda nacho kuelekea Ruvu.

Nilikuwa nyuma yake na mwiko. Nilitaka kumpiga, mkono ukakataa. Nilikuwa sijawahi kujiona ninavyotembea, na siku ile nikajiona, na nikaona kumbe nachekesha.

Hapo ndipo kazi yake ilipoanzia. Alianza kwenye sherehe za wafanyakazi wa reli. Akaitwa kwenye kumbi za dansi, kuwachekesha watu wakati bendi inapumzika. Sefu alipopata kamera ndipo zikaja kanda, kisha zikaja zile sidii, na Bi Subirini akafika mpaka Kigoma, bibi kizee wa kuingilia mambo ya watu, anasuluhisha ugomvi mpaka unakuwa mkubwa. Na kijana wa watu wakati huo ndevu zilikuwa bado hazijamtosha. Akanyoa hizo hizo chache ili awe mimi. Umaarufu nao ukawa na shida zake. Alikwenda kutoa taarifa ya baiskeli yake iliyoibwa, askari wakacheka mpaka wakasahau kuandika, ikabidi aitafute mwenyewe. Alipokwenda Urambo kumposa Tatu, baba yake Tatu alicheka, akatoka nje kunawa uso, akarudi, akamkuta Athumani bado ameketi mkekani na uso mkavu.

"Kumbe unasema kweli?" mzee akauliza.

"Kweli, baba."

"Basi mchukue. Huyu binti nimekaa naye tangu kuzaliwa kwake, hajacheka hata nilipoanguka kisimani."

Na ndiyo hivyo, Tatu ni mtu wa uso mgumu. Lakini Athumani alimtaka kwa ajili hiyo hiyo. Kila kichekesho alikijaribia kwake jikoni. Tatu akicheka, kinaingia kwenye filamu. Tatu asipocheka, kinatupwa, hata kama stesheni nzima imecheka. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia na kisu cha vitunguu mkononi, "Mwanaidi hageuki hivyo, Athumani. Bega kwanza, uso baadaye." Mimi mwenyewe nimekaa pale pale.

Na yeye Athumani hakuwahi kucheka akiigiza. Watu walimwuliza anawezaje. Siri yake ilikuwa kokwa ya ukwaju. Aliiweka kati ya meno ya pembeni, kicheko kikija anaiuma. Sefu akisema "Tayari," Athumani anatafuta kokwa yake kwanza.

Sasa nirudi ndotoni.

Athumani anatembea uani, na anatembea vizuri, hajasahau kitu. Anainua mkono, anasema, "Subirini! Subirini kwanza, sijamaliza!" Hakuna anayecheka. Mimi mwenyewe nataka kucheka, na kicheko hakipandi. Sefu anashusha kamera, anasema kwa upole, "Rudia." Athumani anarudi mlangoni, anaingia tena. Kimya. "Rudia." Anaingia tena. Na kila akiingia khanga inazidi kupauka, mpaka korosho zake sizioni, mpaka ni kitambaa cheupe tu. Pazi akateremsha ubao wake, jua likapungua uani.

Athumani akaja akaketi kwenye kizingiti cha jiko langu, alipokuwa anaketi siku zote kungoja betri. Akavua kitambaa cha kichwa. Nywele zake zilikuwa za mtu aliyeoshwa.

Akasema, "Mtani, wamenizika kama mtu wa heshima."

Na ni kweli.

Siku ya maziko yake mimi nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya jicho. Aliyenisimulia ni Kibwana, mdogo wake marehemu Pazi. Mnajua kwetu mtu akifa mtani ndiye mwenye kazi. Anamwiga marehemu, anavaa nguo zake, anamtaja aibu zake, anazuia jeneza njiani, mpaka wafiwa wacheke. Wakishacheka kifua kimefunguka. Hapo wanalia vizuri, na wakimaliza kulia wanakula. Mfiwa asiyechekeshwa kitu kinamkwama hapa, kama muhogo mkavu bila maji.

Basi Kibwana alikwenda kufanya kazi. Jeneza linafika makaburini, yeye tayari yumo ndani ya kaburi, khanga kiunoni, kitambaa kichwani, anapiga kelele, "Subirini! Mnyamwezi gani anahamia kwenye nyumba bila kuulizia jirani?" Watu wa Soga wakaanza kuinamisha nyuso, wanazuia kicheko. Lakini siku ile watu wa Soga walikuwa wachache. Wageni ndio walijaa, wapenzi wa filamu zake kutoka huku na huko, wamevaa fulana zenye picha ya marehemu, wana kamati na kipaza sauti. Hao wakadhani Kibwana ni mwigizaji na kwamba kuna mtu amejificha anapiga picha za kwenda kuuza. "Hata makaburini mnarekodi? Hamna haya?" Wengine wakatafuta kamera mpaka juu ya mikorosho. Vijana wawili wakamtoa Kibwana kaburini kwa kumshika makwapa, kwa adabu zote, wakamkalisha kwenye kiti, wakampa maji ya chupa.

Kibwana aliniambia, "Shemeji, watu wote wale, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sifanyi filamu, na mimi ndiye niliyeondolewa."

Athumani akazikwa kwa hotuba.

Nami nilipotoka hospitali nikaenda moja kwa moja kwa Tatu. Mlangoni nikamkuta Mwanahawa, mdogo wake, aliyekuja kutoka Urambo kumtunza. Nikavuta pumzi nianze. Akaniwahi, "Mama, nakuomba, utani hapana. Dada hawezi." Nikaingia nikaketi kama mgeni. Tatu alikuwa amegeukia ukutani. Chai kidogo asubuhi, basi. Chakula kinaletwa, kinafunikwa kawa, kinaondoka kama kilivyokuja. Halafu ng'ambo ya njia kuna kibanda cha video, na tangu Athumani afariki wanaonyesha filamu zake tu, kutwa, watu wanacheka mpaka unasikia mabenchi. Tatu aliziba dirisha kwa godoro. Kila nilipokwenda kumtazama, shingo yake ilikuwa imepungua, na Mwanahawa ananisindikiza mpaka nje ananinong'oneza, "Mama, huyu atanifia mikononi. Nitawaambia nini kwetu?"

Hayo ndiyo niliyolala nayo.

Ndotoni Athumani akainuka kizingitini. Akasema, "Njoo," nikamfuata. Tuliingia jikoni kwangu tukatokea chumbani kwake. Sijui nyumba zile zilishikana wapi, na wakati ule sikuuliza. Chumba kimezibwa dirisha, lakini mwanga upo, kama ule wa ubao wa Pazi. Tatu amekaa kitandani, amegeukia ukuta. Mbele yake sahani, juu yake kawa.

Athumani anainama mbele yake. Anamwita, "Tatu." Anatembea mbele yake, ule mwendo wangu, bega kwanza, uso baadaye. Tatu anatazama mahali alipo, na anaona ukuta.

Nikamwambia, "Hakuoni."

"Simfikii," akasema. "Mimi nimefika nilikokwenda, mtani, sina shida. Huyu ndiye aliyebaki makaburini."

Akafunua kawa. Chini yake hakukuwa na chakula, palikuwa na kicheko. Nisameheni, sina namna nyingine ya kukisema: kilikuwepo pale kwenye sahani, kimepoa, kama wali uliolala. Akakifunika tena taratibu.

Akasema, "Nenda wewe."

"Nikafanye nini?"

"Unifanye mimi."

Nikamwambia, "Athumani, una wazimu? Wewe ulikuwa unanifanya mimi. Nitakufanyaje?"

Nikamwona anafikiri, kama alivyokuwa akifikiri Sefu akimwambia gombana. "Basi jifanye wewe mwenyewe," akasema, "ila vibaya, kama nilivyokuwa nafanya."

Kisha akatia kidole mdomoni, akatoa kokwa ya ukwaju, nyeusi, inang'aa. Akaniwekea kiganjani akanifumba vidole. Mkono wake haukuwa wa baridi kama wanavyosema watu. Ulikuwa wa kawaida, mgumu, wa mshindilia kokoto.

"Wewe usicheke," akaniambia. "Ukicheka wewe, kicheko utakuwa umekila, naye atabaki na sahani tupu. Mwachie chote."

Nilitaka kumwuliza kama huko anapata ukwaju mwingine. Nikageuka kumwangalia, kwa kuwa alikuwa amehama upande wa jicho langu la bandeji, na kule kulikuwa na weupe tu. Nikamsikia Sefu kwa mbali, uani, anasema, "Tayari." Na Pazi hakupiga chafya.

Nikaamka.

Mkono wangu ulikuwa umefumba kwa nguvu mpaka kucha zimeacha alama. Nikaufungua. Hamkuwa na kitu, na sikutarajia. Aliyekufa hawezi kukuachia ukwaju. Nje kuku walikuwa wameshateremka. Nikakaa kitandani, nikawa narudia maneno yake yote yasije yakanitoroka, maana ndoto ni kama maji ya kuchota kwa kiganja. Nenda wewe. Jifanye wewe mwenyewe, ila vibaya. Usicheke, mwachie chote.

Nikaenda jikoni, nikatoa ukwaju kwenye chungu, nikaumung'unya mpaka kokwa ikabaki. Meno yangu ya kuumia kitu yamebaki upande mmoja, nikaiweka huko. Nikapika ugali, mlenda na karanga, chakula cha kwao, sio cha kwetu. Nikafunga kitambaa kichwani, fundo kwa mbele, nikalivuta likae upande, nikavaa khanga juu chini. Watu wa njiani walinisalimu nikawaitikia puani, kwa ajili ya kokwa. Nilijua wanasema, jicho limempanda kichwani.

Mwanahawa akafungua mlango. "Mama! Mbona uko hivyo? Unaumwa?"

"Subirini!" nikasema. "Subirini kwanza, sijamaliza! Nimesikia kuna Mnyamwezi amekufa bila ruhusa yangu, na mwingine yumo humu ndani anajaribu."

Akanishika mkono. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mama, si tulikubaliana?"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilinyamaza. Mzaramo akinyamaza ujue anatafuna."

Nikampa bakuli, nikapita.

Chumba kilikuwa kama nilivyokiona, ila mwanga haukuwepo. Tatu amegeukia ukuta. Niliogopa, nisiwafiche. Nilifikiri, nikikosea hapa nitakuwa nimemtonesha mgonjwa, na Mwanahawa atanifungia mlango, na huyu mtu atakwisha mbele ya macho yetu kwa chai na sukari. Nikauma kokwa. Nikaanza kutembea.

"Haya, wabeba mizigo!" nikasema kwa sauti ya Bi Subirini, ambayo ni yangu, ila ndefu. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani hawakuchoka. Wewe umeshindwa kubeba tonge kutoka sahani mpaka mdomoni? Safari ya shubiri moja! Ungekuwa enzi zile msafara ungefika lini?"

Tatu hajageuka.

"Na huyo mumeo," nikasema, naburuta mguu, narudi tena upande wa pili, "alininyang'anya khanga yangu kambani, akala kwayo, akavaa kwayo, akaoa kwayo, na sasa amekwenda nayo sijui wapi. Nimekuja kuichukua. Iko wapi khanga yangu?"

Nikaona mkono wa Tatu unasogea chini ya mto. Pale chini ya mto pakatokeza kipembe chekundu, na korosho moja. Alikuwa anailalia. Nilijua nikiitazama sana nitalia mimi, nikageuza uso haraka, nikaendelea kutembea. Ng'ambo ya njia watu wa kibanda wakapiga kicheko cha filamu. Humu ndani, hakuna. Nikatembea tena. Jasho likaanza kuniingia kwenye bandeji.

"Si hivyo."

Nilisimama. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajasema muda mrefu.

"Si hivyo nini?"

"Mguu." Tatu alikuwa amegeuka. "Unaburuta wa kulia. Ni wa kushoto."

Nikajitazama miguu. Kweli! Ndotoni Athumani alikuwa amenielekea uso kwa uso, nami nikamfuata kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Nimeamka na mwendo wangu nimeuvaa kinyume. Nimevuka stesheni nzima naburuta mguu mzima.

"Mguu ni wangu, Tatu," nikasema, kwa sababu Mzaramo hashindwi hivi hivi. "Nimezaliwa nao, na stesheni nzima nimeivuka nao."

"Ungekuwa wako usingeukosea. Huo ni wa Athumani. Wa kushoto, halafu bega kwanza, uso baadaye. Nilimfundisha mwenyewe, pale jikoni."

"Basi inuka unifundishe na mimi."

Mwanahawa, aliyekuwa mlangoni na bakuli, akafanya kama anataka kuja kumshika dada yake. Nikamzuia kwa jicho langu moja. Tatu akateremsha miguu. Akajishika ukuta, akasimama. Amevaa nguo zake za eda, nyeupe, zimemzidi kila upande. Akaivuta ile khanga chini ya mto, akajifunga kiunoni kama anayekwenda kutwanga, akainua kidevu.

Akapiga hatua, mguu wa kushoto unaburuta. Bega likaja kwanza, uso baadaye. Na kwa ile sauti yake kavu, bila kutabasamu hata kidogo, akasema, "Subirini. Sijamaliza."

Wallahi, alikuwa mimi. Alikuwa mimi kuliko Athumani.

Mwanahawa ndiye aliyeanza. Alitoa mlio kama wa birika, bakuli likamcheza mikononi. Tatu akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi na bandeji yangu na khanga yangu juu chini, midomo ikaanza kumcheza, akajaribu kuizuia, ikamshinda. Akacheka. Kicheko chenye kutu, kinakwama, kinaendelea. Akaketi kitandani anacheka, anapiga paja, "Mguu wa kulia! Mzaramo huyu! Kavuka stesheni na mguu wa kulia!" Kisha kicheko kikageuka katikati, kama njia inavyopinda, kikawa kilio, naye akalia kwa sauti, alivyopaswa kulia siku ya kwanza. Mwanahawa akamkumbatia wakalia wote.

Mimi nilisimama palepale na kokwa yangu. Sikucheka. Sikulia pia, hilo Athumani hakunikataza lakini niliogopa kuchanganya.

Alipomaliza, akafuta uso kwa pindo la khanga, akanusa. "Mlenda?" akasema. "Mzaramo amepika mlenda?"

"Usile kama huutaki. Nitampa paka, yeye hana makabila."

"Lete hapa. Najua umeuharibu."

Akala. Alisema chumvi imezidi, karanga zimeungua, ugali laini kama wa mgonjwa. Kila tonge na lawama yake, na kila lawama na tonge lake, mpaka nikauona udongo wa bakuli. Ndipo nikaenda mlangoni nikaitema ile kokwa. Ilikuwa imepasuka pande mbili, na mimi jino limekuwa likinisumbua tangu siku hiyo.

Godoro bado liko dirishani. Hilo si la haraka. Lakini Mwanahawa ameniambia usiku mmoja alimkuta dada yake ameliegemea, anasikiliza kibanda cha ng'ambo, ananong'ona, "Hapo. Hapo wamechelewa kucheka."

Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, kwa hiyo nimeandika kama ninavyosema. Nilichotumwa nimekifikisha kwa Tatu, na kwenu nakifikisha hivi: mkimwona mtu amelala ndani ya kaburi la mtani wake anapiga kelele, msimpe maji ya chupa. Yuko kazini.

Nanyi mliokuwepo siku zile, mliokuwa na Athumani gengeni, mliokuwa dirishani kwenye ile treni, mliofika makaburini, kama nimelikosea jina la mtu au nimeweka mbele lililokuwa nyuma, nisahihisheni, sitakasirika. Ila la mguu msihangaike nalo. Hilo Tatu ameshalisahihisha.